Ukukwi

Mwaka ule meno yangu ya mbele yaling'oka, kule Mtongwe,
mamangu alitia mkono nyuma ya pipa
kuvuta tita la miaa.
Tita likapumua.
Likapumua kama gurudumu la baiskeli likitolewa upepo,
na mama akasema, bila kupiga kelele,
"Lo. Nimedungwa na shazia."

Haikuwa shazia.
Mimi nilikuwa nimechuchumaa, nikakiona kilichorudi chini ya makuti makuukuu:
kinene kama mchi, kifupi, kivivu,
mgongoni miraba ya kahawia na nyeusi,
safu kwa safu,
kama ukili wa mtu asiyekosea.
Nikajiuliza, nani amemsuka huyu?

Bafe. Jina lake sikulijua bado.

Mkono ulivimba hadi bangili ikakatwa kwa koleo.
Bi Mwanatumu akaufunga kwa leso yake juu ya kiwiko,
akakaza, akakaza tena,
na jina la leso likaja juu, likasomeka:
ADUI HANA ALAMA.
Feri sikuipanda, nilihadithiwa.
Watu waliwapisha foleni nzima,
kila mmoja akiuliza lile lile, "Yuna sumu?"
kana kwamba mkono ule, wa rangi ya biringani,
haukuwa umeshajibu.

Huku nyuma wanaume walishika mapanga.
Nasoro fundi friji, nduguye Mwachapa, na wengine.
Walipekua kuni, choo, banda la kuku.
Kisha mmoja akainua uso:
juu ya mkilifi, ukukwi,
mwembamba kama utepe wa zawadi, kijani kibichi,
jicho kubwa la duara, la mtoto anayesikiliza,
amejilaza tawini akingoja mjusi.
Meno yake hayatoboi ganda la ndizi.

"Ndiye!"

Nilijua siye.
Neno nilikuwa nalo mdomoni,
na pengo la meno mawili la kulipitishia.
Nikafumba.
Walikuwa watu wazima, wenye mapanga na jasho,
na mimi nilikuwa nimekatazwa kucheza karibu na pipa.

Walimkata vipande vitatu,
kila kipande kikashika njia yake mchangani.
Wakamwanika kwenye kamba ya nguo.
Nasoro akasema, mwana wa nyoka ni nyoka,
wakaitikia, wakanawa, wakanywa kahawa.
Usiku ule mtaa ulilala fofofo.
Mimi nililala juu ya meza.

Mama alirudi baada ya wiki tatu, na vidole tisa.
Akaona uzi mkavu kambani, akauliza ni nini.
"Ndiye aliyekuuma."
Akautazama sana.
"Huyu? Huyu tukijuana.
Asubuhi akishuka kunywa maji niliyolowekea miaa."
Kisha akanitazama mimi, si wao.

Mvua za kwanza, tulipobadilisha makuti,
tulimkuta bafe amezaa,
watoto thelathini na kitu,
kila mmoja ameshavaa mkeka wake mgongoni.
Safari hii nilipiga kelele. Zikafika hadi kwa Nasoro.
Alikuja na panga, akasimama, asiseme methali yoyote.

Husemwa aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.
Mamangu hakushtuka.
Siku ya pili tu alivuta ung'ongo akasuka kwa tisa.
Anayeshtuka ni mimi,
mtu mzima, Marikiti,
muuzaji akinifungia kasha kwa utepe wa kijani.

Mkeka wake wa mwisho niko nao.
Natembeza kidole juu yake gizani:
shubiri, kasoro,
shubiri, kasoro,
pale kidole chake kilipokuwa kikikaza.

Mgongo wa bafe haukuwa na kasoro hata moja.